Kambare wa Umeme wa Tanganyika na Hesabu ya Nguvu ya Misuli

Mji wa Kalemie, ulioitwa Albertville katika zama za Wabelgiji, umekaa katika ufuo wa magharibi wa ziwa Tanganyika, karibu na mahali ambapo mto Lukuga huyapokea maji ya ziwa na kuyachukua kuelekea mto Kongo. Na kwa kuwa ardhi yake imebanwa baina ya vilima na maji, watu wake, Waholoholo na Watumbwe wa asili pamoja na wengi waliokuja baadaye, wamelitazama ziwa tangu kale kuwa ghala ya chakula chao. Historia ya uvuvi wa mji huo aghalabu huandikwa kwa mizani: ndakala kiasi gani walianikwa, mikebuka kiasi gani walipakiwa katika mabehewa ya reli iliyofika kutoka Kabalo mwaka 1915, na jinsi Wagiriki walivyoingiza, katika miaka ya 1950, nyavu kubwa za kuzungushia samaki waliovutwa na mwanga wa taa usiku. Hayo yote ni kweli na yana faida yake. Lakini yuko samaki mmoja wa maji hayo asiyepata nafasi katika mahesabu ya tani, ambaye jamaa zake, kwa rai yangu, wameichangia elimu ya mwili wa binadamu kuliko ndakala wote waliopata kuanikwa katika fukwe za Kalemie, na habari zake zastahili kuandikwa kwa wasaa.

Huyo ni kambare wa umeme. Umbo lake halina haiba: mwili mnene wa mviringo, ngozi laini isiyo na magamba, macho madogo, midomo minene yenye ndevu jozi tatu, na mgongo usio na pezi isipokuwa kipande kidogo cha nyama karibu na mkia. Mchana hujificha baina ya mawe, usiku hutoka kuwinda. Yule wa Tanganyika hakupata jina lake la kitaalamu, Malapterurus tanganyikaensis, mpaka mwaka 2000, alipoainishwa na Tyson Roberts. Lakini mkono wa mvuvi haukungoja jina hilo, maana amshikaye samaki huyo akingali hai na maji yakingali yakimtiririka hupigwa pigo lipitalo kiganjani, likapanda kiwiko hata bega, na kwa muda wa pigo hilo misuli ya mkono hujikaza pasipo amri ya mwenyewe. Mvuvi huhesabu pigo moja. Hakika yake ni mapigo mengi, kila moja likichukua kiasi cha milisekunde mbili tu, yaani sehemu mbili za elfu za sekunde, na yale ya mwanzo hufuatana kwa kasi ya mamia kwa sekunde. Na katika samaki mkubwa pigo huweza kufika volti 350.

Katika habari ya mkono huo limefichika swali lililowashughulisha wanazuoni kwa zaidi ya karne mbili, nalo ni hili: mshipa wa fahamu haujui kuleta ujumbe mkubwa wala mdogo, hujua kupiga au kunyamaza, na kila pigo lake hupita kufumba na kufumbua, basi imekuwaje mapigo hayo mafupi, yaliyo sawasawa, yazae nguvu ya kumwinua mtoto mchanga kwa upole na nguvu ya kuvuta wavu uliojaa, kwa msuli ule ule mmoja? Vitabu vya Ulaya huianza historia ya swali hilo kwa mwanazuoni Galvani wa mji wa Bologna, aliyeitikisa miguu ya vyura kwa umeme. Naona vimeanzia katikati ya safari, kwa sababu kabla ya chura kutundikwa na kabla ya chombo chochote cha kupimia kubuniwa, chombo cha kwanza kilikuwa mkono wa mvuvi wa Afrika, na umeme wa kwanza uliotia mapigo mengi katika msuli wa mtu ulikuwa umeme wa samaki huyu na jamaa zake.

Ushahidi ni mkongwe. Katika kaburi la Ti huko Saqqara, Misri, lililochongwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kambare wa umeme wa mto Nili amechorwa ukutani pamoja na samaki wengine, ndevu zake na umbo lake zikidhihiri kiasi cha kutoshukiwa. Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyezaliwa mwaka 1162 akaishi Misri miaka kadhaa, alimweleza samaki huyo katika kitabu chake cha habari za nchi hiyo kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kuangalia wagonjwa: kwamba hakuna awezaye kumshika akiwa hai, kwamba mkono hutetemeka na kufa ganzi na kuwa mzito, na kwamba samaki akifa sifa hiyo humtoka. Hii ya mwisho ni kauli ya thamani, maana inaondoa dhana ya sumu iliyomo ndani ya nyama na kuacha kitu kinachotendwa na uhai wenyewe. Na mwaka 1615 kulichapwa kitabu cha Mjesuiti Nicolau Godinho juu ya mambo ya Uhabeshi, ambamo imeandikwa kuwa samaki wa namna hii akilazwa juu ya samaki waliokufa, wafu hao hutikisika kana kwamba wamehuishwa. Huenda wasomaji wa zama zile waliichukua habari hiyo kama ngano ya mashetani. Nami naisoma leo kama taarifa ya kwanza iliyoandikwa ya msuli uliotengwa na nia ya mwenye mwili, ukajikaza kwa kupigwa na umeme kutoka nje, takriban miaka 170 kabla ya Galvani.

Lugha hii tunayoandikia ilifika pwani ya Kalemie pamoja na misafara ya waungwana waliovuka kutoka Ujiji na kushukia Mtowa, kaskazini kidogo ya mji wa sasa, kabla ya Kapteni Jules Jacques kujenga ngome yake mwishoni mwa mwaka 1891. Katika mizigo ya misafara hiyo huenda vilikuwamo vitabu vya dini na vya tiba, na elimu ya Kiarabu ya tiba, tangu Ibn Sina, ilikuwa na nafasi ya samaki wa umeme wa baharini: kumweka hai juu ya kichwa kinachouma. Sisemi kwamba yuko mganga wa Mtowa aliyemtoa kambare ziwani kwa kazi hiyo. Nasema tu kwamba mambo mawili yaliyohusiana, kitabu na samaki, huenda yalikaa katika ufuo mmoja, na dalili hakuna kuwa yalijuana.

Katika karne ya 18 mambo yakaenda mbio. Michel Adanson, aliyekaa Senegal tangu 1749, alimgusa kambare wa umeme wa huko, na katika kitabu chake cha 1757 akasema pigo lake halikumwonekea tofauti na lile la chupa ya Leyden, chombo kipya kilichohifadhi umeme na kuutoa kwa ghafula. Galvani akachapisha habari za miguu ya vyura mwaka 1791. Volta, aliyeshindana naye, alipotangaza mwaka 1800 rundo lake la vipande vya madini, ambalo ndilo babu wa betri zote, alilifananisha waziwazi na kiungo cha umeme cha samaki. Kwa hivyo betri inayowasha tochi ya mvuvi wa Kalemie ina nasaba na samaki anayemkimbia.

Aliyeupasua mwili wa kambare kwa ustadi uliohitajiwa alikuwa Theodor Bilharz, tabibu wa Kijerumani wa Kairo, ambaye jina lake limebaki midomoni mwa watu wa maziwa yetu kwa sababu ya mnyoo wa kichocho alioutambua mwaka 1851. Wachache wajua kwamba mwaka 1857 mtu huyo huyo alichapisha kitabu juu ya kiungo cha umeme cha kambare wa Nili. Aliona kiungo hicho kimeuvika mwili wa samaki karibu wote, chini ya ngozi, mfano wa shuka. Na aliona ajabu iliyo kubwa zaidi, kwamba kila upande wa mwili hutawaliwa na uzi mmoja tu wa fahamu, utokao katika seli moja kubwa iliyomo katika uti wa mgongo. Mkono wa mtu hutawaliwa na maelfu ya nyuzi kama hizo. Samaki huyu ana mbili. Mwaka huo huo kambare walio hai walifika Berlin kwa mwanazuoni Emil du Bois-Reymond, wakitoka Calabar kwa mikono ya wamisionari wa Uskoti na kupitia Edinburgh, baada ya kukaa baharini muda ambao ungemuua samaki dhaifu. Naye Babuchin, Mrusi, alionyesha mwaka 1877 kwamba akiligusa kwa umeme tawi moja la uzi ule lililokatwa, kiungo kizima hulipuka, hata matawi ya upande wa pili. Yaani ujumbe wa fahamu huweza kurudi nyuma kama unavyokwenda mbele.

Kwa muda mrefu watu walidhani kiungo hicho kilitokana na tezi za ngozi. Mwaka 1956 Alf Johnels, Mswidi, alifuata makuzi ya samaki wachanga akabainisha kwamba asili yake ni msuli. Hapo ndipo habari za kambare na habari za mkono wa mvuvi zinapokuwa habari moja: kinachopiga na kinachopigwa ni ndugu, wote wawili ni msuli unaoitii fahamu, isipokuwa mmoja umeacha kuvuta.

Tugeuke sasa kwa ule unaovuta. Eduard Weber wa Leipzig, katika miaka ya 1840, alichukua chombo cha kuzungusha sumaku kilichotoa mapigo ya umeme mengi kwa kasi, akaona kwamba msuli wa chura uliopigwa hivyo haurukiruki, hukaza moja kwa moja na kubaki umekaza. Katika miaka hiyo hiyo Carl Ludwig alibuni pipa dogo linalozunguka, lililovikwa karatasi, ambayo baadaye ilipakwa masizi ya taa, na Hermann Helmholtz akatumia fikra ya namna hiyo kwa msuli. Inafaa tusimame kidogo mbele ya chombo hiki, kwa maana wanafunzi wa tiba wa dunia nzima walisimama mbele yake kwa zaidi ya miaka 100. Msuli wa shavu la mguu wa chura hutolewa pamoja na mshipa wake wa fahamu, hufungwa upande mmoja kwenye mfupa uliobanwa na upande wa pili kwenye kijiti chepesi chenye ncha. Ncha hugusa karatasi nyeusi, na popote inapopita hukwangua mstari mweupe. Piga mshipa mara moja: kwa muda wa milisekunde chache hakuna kitu, kisha mstari hupanda, hufika kilele, hushuka taratibu, na yote kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi kidogo. Piga mara tano kwa sekunde: utaona vilima vitano vilivyotengana. Ongeza kasi: vilima vinaanza kupandana, kila kimoja kikianza kabla kilichotangulia hakijashuka chini, na mstari wote unanyanyuka kwa vipandio. Ongeza tena: meno ya mstari yanapungua, yanakuwa mawimbi madogo, na mwisho ni mstari laini ulio juu sana kuliko kilima chochote cha mwanzo. Nguvu imekuwa mara tatu, nne, au zaidi ya ile ya pigo moja, na hali kila pigo ni lile lile.

Helmholtz, ambaye mwaka 1850 alikuwa amekwisha kupima mwendo wa ujumbe katika mshipa wa chura akaukuta kuwa kiasi cha mita 27 kwa sekunde, alitoa mwaka 1854 kanuni ya kwanza ya jambo hili: kwamba pigo la pili likifika msuli ungali umekaza, mkazo mpya huanzia hapo ulipofika ule wa kwanza, kana kwamba hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kupumzika. Ni kanuni nzuri kwa wepesi wake, nayo hukaribia ukweli kwa mapigo mawili. Kwa mapigo mengi haifai, kwani msuli ungepanda pasipo kikomo, na msuli una kikomo. Hapo ndipo hesabu za kweli zilipoanza kutafutwa, nazo hazikupatikana upesi, kwa sababu hakuna aliyejua ni kitu gani ndani ya nyama kinachobaki baina ya pigo na pigo.

Kitu hicho ni kalsiamu. Sydney Ringer wa London aliona mwaka 1883 kwamba moyo wa chura hupiga katika maji ya bomba yenye chumvi hiyo na hushindwa katika maji safi yasiyo nayo. Na katika miaka ya 1960 Setsuro Ebashi wa Tokyo alionyesha protini inayoipokea kalsiamu na kuifungulia nyama njia ya kujikaza. Kila pigo la fahamu hufungua maghala madogo yaliyomo ndani ya seli ya msuli, kalsiamu ikamwagika. Na mara hiyo hiyo pampu ndogo zisizo na idadi huanza kuirudisha ghalani. Mfano wake ni mtumbwi katika mawimbi, na mtu mmoja ndani yake akikumba maji kwa kata: mawimbi yakija mbalimbali huwahi kuukausha mtumbwi kabla ya wimbi lijalo, yakija kwa kufuatana maji hupanda kifundoni, kisha gotini, mpaka kiasi ambacho anachokikumba kinalingana na kinachoingia.

Msomaji asiyechoka na hesabu ataliona jambo hili kwa idadi chache, ambazo nimezichagua kwa ajili ya ubayana tu. Tuseme kila pigo humwaga kipimo kimoja cha kalsiamu, na kila baada ya milisekunde 50 nusu ya iliyopo hurudishwa. Mapigo yakija matano kwa sekunde, nafasi baina yake ni milisekunde 200, nusu ya nusu ya nusu ya nusu, kwa hivyo hubaki sehemu moja ya kumi na sita, na baada ya kila pigo kipimo hutulia penye 1.07. Yakija kumi kwa sekunde, hutulia penye 1.33, ishirini, 2, arobaini, 3.41, mia moja, 7.73. Kalsiamu basi hupanda kwa kasi. Lakini msuli hauitii kalsiamu kwa ulinganifu, maana vipokezi vyake vina idadi maalumu, na vikijaa vimejaa. Tuichukue kanuni iliyo rahisi: kipimo kizidishwe kwa nafsi yake, kisha kigawanywe kwa jumla ya hicho hicho na nne. Mapigo matano yatatoa asilimia 22 ya uwezo wote wa msuli, kumi asilimia 31, ishirini asilimia 50, arobaini asilimia 74, mia moja asilimia 94. Tazama palipo na faida na palipo na hasara: kutoka kumi hadi arobaini nguvu imezidi mara mbili na ziada, na kutoka arobaini hadi mia, kwa gharama ya mapigo sitini zaidi kila sekunde, imeongezeka kidogo tu. Fahamu zetu hufanya kazi zake nyingi katika sehemu ile yenye mteremko mkali, ambapo badiliko dogo la kasi huleta badiliko kubwa la nguvu.

Iko sababu ya pili, nayo aliieleza Archibald Hill wa London mwaka 1938 na baadaye: msuli huvuta kupitia kano na nyuzi zinazonyumbuka, na kabla mzigo haujaisikia nguvu yote ni lazima mnyumbuko huo unyoshwe. Pigo moja huisha kabla ya unyoshaji kukamilika. Mapigo yakifuatana, la kwanza hunyosha na yanayofuata huvuta.

Na sasa tofauti ya ndugu wawili hudhihirika. Kiungo cha kambare nacho hujumlisha, maana seli yake moja hutoa sehemu ndogo tu ya volti, ila zimepangwa maelfu kwa mfuatano na kupigwa kwa wakati mmoja, ndiyo sababu ya uzi ule mmoja aliouona Bilharz: hakuna wa kuchelewa. Pigo likiisha limekwisha, hakuna kinachobaki cha kuongezwa na pigo lijalo. La kumi lina volti za la kwanza au pungufu. Samaki hukusanya nguvu zake mahali, msuli hukusanya zake katika wakati. Akikutana na mkono wa mvuvi, hutoa mfuatano wa mapigo yasiyojumlika kwake, na mkono ndio unaoyajumlisha.

Wanazuoni wa baadaye waliongeza mengi ambayo nitayapita upesi. Louis Ranvier wa Paris, katika miaka ya 1870, aliona kwamba misuli myekundu ya sungura ni mizito kwa mwendo na huungana mkazo wake kwa mapigo machache kuliko ile myeupe. Kwa binadamu, msuli wa ndani wa shavu la mguu unaotusimamisha huungana kwa kiasi cha mapigo 30 kwa sekunde, na misuli ya kugeuza jicho huhitaji mamia. Sybil Cooper na John Eccles walipima jambo hilo kwa paka huko Oxford mwaka 1930. Edgar Adrian na Detlev Bronk, mwaka 1929, walitia sindano yenye waya ndani ya misuli ya binadamu wakasikiliza mapigo katika kipaza sauti, wakayakuta yakianza kwa matano au kumi kwa sekunde na kuzidi kadiri juhudi ilivyozidi. Yalikuwa machache kuliko yanayohitajiwa kwa mkazo laini, na mkono haukutetemeka. Kwa kuwa nyuzi nyingi hupiga kwa zamu zisizolingana, kilele cha moja hufunika bonde la nyingine.

Kuna mahali ambapo watu wa Kalemie na wa Kongo nzima waliujua mkazo usiokatika pasipo samaki wala chombo, napo ni penye kitanda cha mgonjwa wa pepopunda. Sumu ya kijidudu kikaacho udongoni na katika samadi hupanda kwa njia ya mishipa mpaka uti wa mgongo, na huko haiigusi misuli hata kidogo. Huwanyamazisha wale tu wanaozuia, zile seli ambazo kazi yake ni kuziambia nyuzi za msuli zipunguze mapigo. Kizuizi kikiondoka, mapigo huja kwa kasi isiyo na amri, taya hufunga, mgongo hupindika kama upinde, na sauti ndogo ya mlango huweza kuleta mkazo upya. Mtoto mchanga aliyekatwa kitovu kwa wembe mchafu huanza kwa kushindwa kunyonya, baada ya kunyonya vizuri siku za mwanzo, na mama ndiye aonaye kwanza. Behring na Kitasato walipata kinga ya damu mwaka 1890, Gaston Ramon akaifanya chanjo katika miaka ya 1920, na ni mwaka 2019 tu ambapo Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba pepopunda ya wazazi na watoto wachanga imeondoshwa kuwa balaa la umma katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Karne moja kutoka chanjo hadi kitovu ni muda mrefu mno, wala sioni udhuru wake.

Vielelezo vya hesabu vilivyo kamili vilikuja mwishoni mwa karne ya 20. Anthony Wexler, Jun Ding na Stuart Binder-Macleod wa Chuo Kikuu cha Delaware walichapisha mwaka 1997 kielelezo kilichokusudiwa kukadiria nguvu ya msuli unaopigwa kwa umeme, na wakakisahihisha miaka iliyofuata hata kikabaki milinganyo miwili: mmoja wa kalsiamu iliyoshikwa na vipokezi, mwingine wa nguvu yenyewe, jinsi inavyopanda na jinsi inavyofifia. Aliyefuata hesabu yangu ya hapo juu ameiona mifupa yake. Walichokiongeza ni kipimo cha kuonyesha kwamba pigo linalofuata upesi sana nyuma ya jingine halina uzito wa kawaida. Na sababu ya kuliangalia jambo hilo ilikuwa ugunduzi wa Robert Burke na wenzake mwaka 1970, kwamba pigo moja la ziada likitiwa mwanzoni mwa mfuatano, milisekunde chache baada ya lile la kwanza, nguvu hupanda ghafula na hubaki juu kwa muda mrefu, ingawa mapigo yote ya baadaye ni yale ya zamani.

Mwaka 2014 Kenneth Catania wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alionyesha kwamba mkunga wa umeme wa Amerika ya Kusini, asiye na undugu wa karibu na kambare wetu, hutumia jambo hilo hilo kuwindia: hutoa mapigo mawili au matatu yaliyokaribiana, samaki aliyejificha hushtuka mwili mzima na kujifichua, kisha hufuata mfuatano wa kasi ya kiasi cha mapigo 400 kwa sekunde, na windo hukaza lote lisiweze kuogelea. Alipowatia samaki sumu ya curare, ambayo hufunga njia baina ya mshipa wa fahamu na msuli, hawakukaza. Ikadhihirika kwamba umeme wa mwindaji hupitia mishipa ya windo lenyewe. Nao matabibu wanaowatibu watu waliopooza miguu kwa kiharusi au kwa kuvunjika uti wa mgongo, wakiibandika ngozi vipande vya waya na kuupiga msuli kutoka nje, wamejaribu kuanza kwa mapigo mawili yaliyokaribiana, halafu kuyafuatisha mapigo yenye nafasi kubwa zaidi, ili mguu uinuke kwa nguvu ile ile na msuli uchelewe kuchoka.